Mabinti Zetu Mbele ya Sheria, tangu Siku za Mashamba ya Kahawa



Katika mkutano wa mwisho kabla ya mavuno mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akauliza: "Wasichana wa siku hizi wamepatwa na nini?" Hakuuliza bure. Wiki mbili nyuma yake mwanachama wetu mmoja alikuwa ameokotwa alfajiri kando ya barabara ya Thika, hana simu, hana viatu, wala hakumbuki alivyotoka baa. Alikuwa ametiliwa "mchele", yaani dawa ya usingizi katika kinywaji, na waliokaa naye mezani walikuwa wasichana wawili wenye adabu ya maneno na mavazi mazuri. Basi pakatoka hoja mbili. Ya kwanza, tuongeze mchango wa walinzi wa usiku. Ya pili, nyumba yoyote ambayo binti yake ameshitakiwa kortini iondolewe katika mfuko wa misaada, ili wazazi wajifunze kuwashika watoto wao.

Halmashauri haikupitisha hoja ya pili wala haikuikataa. Ilituagiza sisi watatu tuandike habari za mambo haya tangu zamani, ziwekwe katika kitabu hiki cha mwaka, ili kila mwanachama asome nyumbani kwake kabla ya kupiga kura. Tumefanya hivyo kwa kadiri ya uwezo wetu, na hapana budi kukiri mapema kwamba sisi watatu hatukubaliani katika kila jambo.

Twataka kuanza na neno juu ya hesabu. Daftari la polisi haliandiki maovu yote yanayotendwa. Laandika yale yaliyoonekana, yakapelekwa kituoni, na ambayo sheria ya siku ile imeyaita makosa. Sheria ikibadilika, daftari hubadilika, hata kama watu hawakubadilika. Mtu asiyelishika hilo hawezi kufahamu habari za wasichana wetu, maana katika nchi hii mara nyingi sheria ndiyo iliyowaendea wao, kabla wao hawajaiendea sheria.

Mtaa wetu umebeba jina la kahawa, na nyumba tunazolala zimejengwa juu ya udongo uliokuwa wa mashamba. Wengi wetu tuliotoka mbali hatufikiri jambo hilo tunapochota maji ya bomba. Lakini ardhi hii yote, kuanzia Ruiru mpaka Thika na kuzunguka Kiambu, iliwahitaji vibarua, na kahawa si zao la mwanamume peke yake. Ikiiva katika miezi ya Oktoba hadi Desemba huwa yataka vidole vingi na vyepesi, na vidole vya msichana vilikuwa na bei ndogo kuliko vya kaka yake. Mwezi wa Oktoba 1919 Serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowaagiza maofisa wawahimize Waafrika kwenda kazini, nao ulisema wazi kwamba mahali ambapo mashamba yako karibu na rizavu, wanawake na watoto pia wahimizwe kwenda. "Kuhimiza" lilikuwa neno la karatasini. Huku chini likifika kwa mzee wa mtaa na askari wake liligeuka kuwa amri, na binti aliyekataa hakuwa na mahali pa kushitaki. Wazazi walilalamika kwamba mabinti zao wanalazwa huko mashambani mbali na macho ya mama zao, na wengine wanarudi na mimba. Kelele zilifika mpaka London, na mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliamuru maofisa wasitumike tena kuwatafutia watu binafsi wafanyakazi.

Jambo hilo la wasichana katika mashamba ya kahawa lilikuwa moja ya mambo aliyoyapigia kelele Harry Thuku, na ndiyo sababu wanawake walimpenda sana. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Wanaume walipotaka kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao na kuwadhihaki kwa woga wao, na umati ukasonga mbele. Polisi walipiga risasi tarehe 16 Machi. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengi waliokuwako walisema ni zaidi sana. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Kwa daftari la siku ile alikuwa mfanya ghasia. Leo twamtaja katika mashairi na hotuba za sikukuu.

Mjini Nairobi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwanamume Mwafrika alibeba kipande shingoni tangu mwaka 1920 au karibu na hapo. Mwanamke hakubeba. Kwa hiyo aliyekimbia ndoa asiyoitaka, au mjane asiyepewa shamba, aliweza kuingia mji ule bila karatasi, na wako walioingia. Walipika, walifua, walikaribisha wanaume wasio na wake karibu, na wengine waliuza miili yao. Wala fedha hizo hazikupotea zote katika anasa, kama wahubiri walivyosema. Pumwani ilipokuwa imesimama, kufikia mwanzo wa miaka ya 1930, karibu nyumba nne katika kila kumi zilikuwa mali ya wanawake. Ndugu zetu, hebu tafakarini hilo. Katika nchi ambayo mwanamke hakurithi hata shina la mgomba, hawa walikuwa na nyumba za kupangisha. Makosa waliyoshitakiwa yalikuwa kupika pombe bila ruhusa, na kusimama njiani kuita wanaume. Mwanamume aliyeitwa akaitika hakuandikwa popote.

Hapa twalazimika kusema jambo ambalo halipendezi katika kitabu cha chama cha misaada. Vyama vya namna hii yetu vilishiriki katika kuwakimbiza wanawake hao. Katika miaka ya 1940 Ramogi African Welfare Association mjini Nairobi, na Luo Union katika miji mbalimbali, walijishughulisha kuwakamata wanawake waliowaita malaya na kuwarudisha kwao kwa nguvu. Mabaraza ya rizavu nayo yaliomba Serikali iwazuie wasichana wasiolewa wasipande mabasi. Hatusemi haya kuwatukana waliotutangulia. Walikuwa wakilinda heshima ya kabila mbele ya macho ya wageni. Lakini twaona kwamba mwanamke aliyerudishwa hakuulizwa kwa nini aliondoka, na kwa sababu hiyo wengi walirudi mjini kwa basi la juma lililofuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote juu ya sheria kuzalisha wahalifu tumeupata Meru. Mwezi wa Aprili 1956 baraza la Njuri Ncheke, kwa kusukumwa na maofisa wa Serikali, lilipiga marufuku kuwatahiri wasichana. Sisi waandishi hatuutetei ukeketaji. Ulikatazwa kwa sheria ya nchi, na umekatazwa kwa haki. Twasimulia tu yaliyotokea. Wasichana walisikia amri, wakanunua nyembe madukani, wakaingia vichakani wakatahiriana wao kwa wao bila nyanya wala mkunga. Walijiita Ngaitana, maana yake, "nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, yaani wasichana, wanawake na wanaume, walishitakiwa katika korti za Waafrika kwa kuivunja amri ile. Ofisa aliyechora hesabu ya makosa ya wasichana wa Meru mwaka 1955 na tena mwaka 1957 angeandika kwamba tabia zimeharibika ghafula. Kumbe wasichana walikuwa wakitaka kuwa watu wazima kwa njia pekee waliyofundishwa, na wazee walewale waliowafundisha ndio waliowatoza faini.

Sasa twaja kwa jirani yetu. Kutoka hapa Kahawa Sukari hadi kuta za Kamiti si safari. Mwenye miguu mizuri hufika kabla jua halijawa kali. Wengi wetu twaijua Kamiti kama mahali alipouawa Dedan Kimathi mwezi wa Februari 1957. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka ya Hali ya Hatari mahali hapo palikuwa kambi kuu ya wanawake. Kati ya mwaka 1954 na 1960 Waingereza waliwafungia wanawake wapatao 8,000 kwa nguvu za amri za Hali ya Hatari, wengi wao Kamiti. Makosa yao? Kupeleka unga msituni. Kula kiapo. Kuonekana pamoja na mtu mwenye bunduki. Baada ya watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati kuhamishwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki na ulinzi, hata kutoka nje ya kijiji saa isiyoruhusiwa lilikuwa kosa. Na ni nani aliyetumwa kuteka maji na kutafuta kuni kama si binti?

Mwanamke mmoja Mwingereza, Eileen Fletcher, wa madhehebu ya Quaker, alikuja kufanya kazi ya kuwarekebisha wafungwa. Aliacha kazi kwa uchungu, na mwaka 1956 akaandika katika magazeti ya kwao kwamba ndani ya Kamiti amewaona wasichana wa miaka 11 na 12 waliohukumiwa kifungo cha maisha. Habari hiyo ilitikisa Bunge la Uingereza. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alijitetea, na Serikali ikabisha juu ya umri wao, ikisema ni wakubwa kuliko alivyosema yeye. Hebu wazee mpime wenyewe utetezi huo: ugomvi ulikuwa juu ya kama mfungwa wa maisha ana miaka 11 au ameipita kidogo.

Kisha ikafika mwaka 1958, na wale waliobaki bila kukiri chochote wakaonekana kuwa sugu. Wakatengewa kambi nyingine, Gitamayu. Habari za kambi hiyo zilikaa gizani muda mrefu, mpaka mafaili yaliyokuwa yamefichwa huko Hanslope Park, Uingereza, yalipoanza kufunguliwa mwaka 2011. Mafaili hayo yanaonyesha maofisa wakijadiliana kama wanawake hao ni wahalifu au ni wenye wazimu. Hawakuweza kufikiri kwamba mwanamke anaweza kukataa kwa akili timamu. Mwezi wa Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa, na wanawake wamo. Hivyo waliokuwa wahalifu katika daftari la mwaka 1955 wakawa wenye kudai haki katika daftari la mwaka 2013. Mmoja wetu anasema bibi yake alikuwa mmoja wa waliopita Kamiti, na kwamba hakutamka neno juu yake mpaka alipokufa. Ila kila basi lilipopita njia panda ya kwenda huko alikuwa akigeuza uso upande wa pili.

Uhuru ulipokuja, wengi walidhani daftari hilo litafungwa. Halikufungwa, liligeuza ukurasa. Mwaka 1959 ilikuwa imetungwa sheria iliyomruhusu msichana aliyezaa bila kuolewa amshitaki baba wa mtoto ili atoe fedha za malezi. Wanaume waliichukia mno, wakisema yawafundisha wasichana uhuni. Mwezi wa Juni 1969 Bunge likaifuta, Bunge ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa; Grace Onyango aliingia kwa uchaguzi wa mwisho wa mwaka huohuo. Binti aliyeachwa na mtoto mgongoni alikuwa na njia chache, na moja ilikuwa debe, sukari na moto. Ndipo chang'aa ikawa shamba la mwanamke asiye na shamba. Mwaka 1980 ikatungwa sheria maalumu ya kuipiga marufuku, ikaendelea mpaka mwaka 2010 ilipoondolewa na sheria mpya ya vileo iliyotaka itengenezwe kwa leseni na usafi. Katika miaka hiyo 30 ni wanawake wangapi walioingia Lang'ata kwa ajili ya chupa chache? Wengi hawakuwa wameiba wala kupiga mtu. Walishindwa kulipa faini, wakalipa kwa siku zao, na watoto wao wakabaki kwa jirani. Wenye umri wa kati miongoni mwetu wanakumbuka akina mama wa Githurai na Soweto ya Kahawa wakibebwa na gari la polisi asubuhi, huku wanywaji wao wakitazama kutoka upande wa pili wa barabara na kupiga miayo.

Watoto wa kike nao walikuwa na mlango wao wa pekee. Sheria ya watoto iliyokuwapo tangu miaka ya 1960 iliweka katika kapu moja mtoto aliyeiba na mtoto aliyekosa ulinzi. Mvulana alipelekwa kwa sababu ya kuvunja duka. Msichana aliweza kupelekwa shule ya kurekebisha tabia, kama ile ya Kirigiti hapa Kiambu, kwa sababu ametoroka nyumbani, hata kama alitoroka kwa sababu ya mambo aliyotendwa humo nyumbani. Sheria ya mwaka 2001 iliyatenganisha kwa maneno, na ile ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuweza kushitakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, na imefungua njia ya kumaliza makosa madogo bila kumburuta mtoto kortini.

Baada ya hayo yote, je, twasema kwamba wasichana wa leo hawana kosa? La. Hapo ndipo sisi watatu tulipokesha tukibishana. Mchele ni uovu mkubwa. Dawa hizo zikichanganywa na pombe huweza kuzima pumzi ya mtu, na wako waliokufa. Barabara mpya ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 ilileta biashara, vyumba vya kupanga na baa zisizolala, na katika mahali kama hapo msichana mwenye maarifa mabaya hupata windo kirahisi. Tena sheria yataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, na hiyo ni haki. Lakini wanyang'anyi wa kiume wameitambua, wakawapa wapenzi wao wabebe kilicho kizito mfukoni. Akikamatwa, ni yeye mwenye bastola. Mmoja wetu anaona kwamba makosa ya namna hii kweli yameongezeka. Wawili wanasema yanaonekana zaidi, kwa sababu kila tukio sasa lapigwa picha kwa simu na kufika kwetu kabla ya chai.

Huko Marekani wamelipitia swali hilohilo. Mwaka 1975 mtaalamu Freda Adler aliandika kwamba wanawake wakipata uhuru zaidi watazidi kuwa wahalifu kama wanaume. Na kweli, kuanzia miaka ya 1980 hesabu ya wasichana waliokamatwa kwa kupigana ilipanda sana. Lakini wachunguzi walipowauliza vijana wenyewe, na watu waliodhulumiwa, hawakuona ongezeko la namna hiyo. Kilichobadilika zaidi ni kwamba polisi waliagizwa kukamata katika kila ugomvi wa nyumbani, na shule zikaacha kuita wazazi zikawa zinaita askari. Binti aliyemsukuma mama yake jikoni zamani alikemewa na shangazi, sasa aliandikwa. Ulimwenguni kote, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2022, wanawake na wasichana walioko magerezani ni zaidi ya 740,000, karibu 7 katika kila wafungwa 100, na katika Afrika hawafiki 4. Idadi yao imepanda kwa karibu asilimia 60 tangu mwaka 2000. Twaziweka tarakimu hizi hapa kwa sababu katika mkutano mtu alisema wasichana "wamewapita wavulana." Hawajawapita, wala hawajawakaribia.

Turudi basi kwa hoja iliyo mezani. Wengi mnajua kwamba juma lile lile la habari za mchele, msichana wa miaka 17 wa mtaa huu alishikwa na pakiti mbili za unga na kopo la maziwa ya mtoto ambazo hakuzilipia. Umati ukakusanyika, na tairi likaletwa. Mzee wetu mmoja, ambaye hapendi atajwe, alikaa chini juu ya lile tairi akakataa kuondoka mpaka polisi walipofika. Msichana akapewa dhamana ndogo, fedha ambazo wengi wetu twazitumia kwa chakula cha Jumapili moja. Mama yake hakuwa nazo. Alikaa rumande siku 19. Mama huyo ni mwanachama wetu wa miaka mingi, na jina lake limo katika orodha ya nyumba ambazo hoja ya pili ingeziondoa katika mfuko.

Sisi wawili twapendekeza hoja ya pili ikataliwe, na kwamba sehemu ya mfuko itengwe kwa dhamana za watoto wa wanachama walio chini ya miaka 18, kwa sharti kwamba mzee mmoja na mama mmoja wa chama wamfuate mtoto kortini kila siku ya kesi. Mwenzetu wa tatu hapingi dhamana, bali ataka anayethibitika kutia watu dawa asisaidiwe hata senti, awe na umri wowote. Na juu ya walinzi wa usiku sote watatu twaunga mkono, mradi walipwe kwa mwezi wala si kwa kila mtu wamkamataye. Wasiokubaliana nasi wana haki ya kusema hivyo mkutanoni, na tutawasikiliza. Hesabu za mfuko zimo katika ukurasa unaofuata, pamoja na karatasi ya kura. Tafadhali ije na sahihi ya mwanachama mwenyewe, mume asimtilie mkewe.